Habari ya Sindano Niliyoisoma Baada ya Vifo

Mama Gertrude, shikamoo.

Nakuandikia kuomba msaada, na jina langu usilichapishe, ingawa hata ukilificha sauti yangu wanaijua kuanzia Mbinga mjini mpaka Mpepai, maana mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo katika redio yetu kila siku saa sita na nusu mchana, na nikienda sokoni kununua mboga kina mama wananiambia wewe dada ndiye unayetuzikia watu, wanacheka, wananiongezea fungu, nami nilikuwa naona ni sifa.

Nikueleze kwanza saa ile ilivyo, kwa sababu kosa langu limo humo. Ikifika saa sita na nusu wanaomenya kahawa wanasimamisha mashine, wenye maduka wanaongeza sauti, watoto wanaambiwa nyamazeni tusikie nani katutoka, maana huku kwetu kukosa maziko ya mtu kwa sababu hukusikia tangazo ni aibu isiyo na utetezi, na tangazo la mwisho likiisha tu kila mtu anarudi kwenye kazi yake na redio inabaki inajisemea peke yake. Sisi watangazaji tunalijua hilo, kwa hiyo habari tunayotaka isikiwe na kila mtu tunaibandika mkiani mwa vifo kabla watu hawajaondoka, na hakuna chuo kilichotufundisha, ni ujanja wetu wenyewe.

Mwezi wa saba nesi mmoja, anaitwa Aurelia, wa zahanati ndogo huku upande wa Kitai ambako malori ya makaa ya mawe yanasimama, alinipigia simu akaomba niende mimi, asitumwe mwingine, akanionyesha dawa inayoitwa naloksoni. Akanieleza taratibu kwamba mtu aliyezidisha unga, yaani heroini, anakufa kwa sababu mwili unasahau kupumua, anakoroma, midomo inabadilika rangi, halafu kimya, na sindano ile inaung'oa unga pale uliponata na pumzi inarudi, kisha lazima akimbizwe hospitali kwa sababu nguvu ya dawa inaweza kuisha kabla nguvu ya unga haijaisha, na kwamba haimleweshi mtu wala haimfundishi kutumia unga. Akasema dawa ilikuwepo tangu mwezi wa pili kimya kimya na tayari ilikuwa imemrudisha utingo mmoja. Nikamwuliza jina la huyo utingo, akasema jina ni la mgonjwa.

Niliyaandika yote, Mama, daftari ninalo mpaka leo, lakini nilipofika studio mhariri wetu Wendelin aliona neno moja tu, neno amerudishwa, akasema hapo ndipo penye habari, tukalinoa wote wawili mpaka likawa kufufuliwa. Siku ile tangazo la mwisho la vifo lilikuwa la mama wa watoto watatu aliyefariki akijifungua, nikasoma jina lake, nikasoma watoto anaowaacha, na bila hata kuvuta pumzi nikaendelea hivi, naandika kama nilivyosema: “Na wakati wengine wakizikwa, mateja wa Kitai wao sasa wanafufuliwa. Sindano ya kufufua mateja imeingia wilayani, na tayari teja mmoja amefufuliwa na kuachiwa arudi mtaani.” Yale ya pumzi na ya kukimbizwa hospitali niliyaweka mwisho kabisa, na Wendelin akayakata kwa sababu muda ulikuwa umeisha.

Simu zilizoingia siku ile hatujawahi kuzipata tangu redio ianzishwe. Ndugu wa yule mama aliyefariki walipiga wakilia, wakauliza mke wa mtu anakosa damu, mwizi wa kuku anafufuliwa, hii nchi ya nani, na mimi badala ya kuona nimegonganisha misiba ya watu nikaona kipindi kimenoga, tukakifanya siku tatu mfululizo, swali likiwa je ni haki teja afufuliwe, na watu wakasema waachwe wafe wamejitakia, wakasema sindano ile itawapa vijana kiburi cha kuvuta zaidi, katekista mmoja akapiga kusema aliyefufuka ni mmoja tu, na nesi Aurelia alipopiga ili aeleze nilimpa dakika moja nikamkata kwa tangazo. Meneja alinisifu mbele ya wenzangu. Baada ya wiki moja kamati ya zahanati ile ikakaa, ikaamua dawa ifungiwe kwenye sanduku la chuma, ufunguo akae nao mwenyekiti wao Mzee Othmar, na isitolewe bila yeye kujua inampa nani. Nesi wakaanza kumwita mama mfufuaji, hata watoto.

Sasa nikwambie habari ya mdogo wangu Hyasinti. Alikuwa utingo wa malori ya makaa, miaka ishirini na sita, mcheshi, anayejua kumchekesha mama mpaka aweke jembe chini. Mwezi wa nne alirudi nyumbani Mapera ghafla akitetemeka, anatapika, hakai hakai, mama akasema ni malaria ya barabarani, akamnywesha uji wa ulezi wiki mbili, akapona, akabaki. Alilima na mama, akachuma naye kahawa, akaanza kwenda jumuiya, na mimi nikawa namshukuru Mungu kwamba mtoto ametulia bila hata kujiuliza alikuwa ametoka kwenye nini. Halafu mwezi wa saba mwishoni akaaga kwamba anarudi Kitai kutafuta gari. Hakumaliza siku kumi huko. Alitumia unga kipimo kile kile alichokizoea zamani wakati mwili ulikuwa umeshauacha, akaanguka saa nne asubuhi chumbani kwa wenzake, wakamwacha pale karibu saa nzima wakibishana, maana walisikia redioni kwamba watu wamechoka nao, wakaogopa wakimpeleka watapigwa. Walipomfikisha zahanati bado alikuwa anakoroma. Aurelia akampulizia pumzi kwa mdomo, akatuma pikipiki ikafuate ufunguo, Mzee Othmar hayupo, ameenda maziko Mpepai, maziko ambayo tangazo lake nililisoma mimi jana yake, hata hilo nalo. Wakaleta chuma cha kufungulia matairi kutoka kwenye lori wakavunja kufuli. Dawa ikapatikana na Hyasinti alikuwa ameshakufa.

Mjomba wetu Antoni aliandika tangazo kwa mkono wake, amefariki ghafla baada ya kuugua kwa muda mfupi, akanipa nisome. Matangazo ya vifo ndiyo kitu pekee Wendelin hakigusi, tunayasoma kama wafiwa walivyoyaleta, basi nikayasoma majina yote ya siku ile na la mdogo wangu katikati, sauti haikutetereka, na nilipomaliza likafuata tangazo la mbolea.

Baada ya maziko Aurelia alinivuta pembeni akaniambia yule utingo aliyerudishwa mwezi wa tatu alikuwa Hyasinti. Hyasinti mwenyewe alimwomba asiniambie, alisema dada yangu ndiye anayesoma vifo redioni, sitaki siku moja aogope kulikuta jina langu. “Ndiyo maana nilikuita wewe,” akasema Aurelia. “Nilidhani utaizungumza kama mtu.” Kumbe yule teja niliyesema ameachiwa arudi mtaani alikuwa nyumbani kwetu, anachuma kahawa ya mama yetu, amepona kwa sababu ya sindano ile ile.

Na kuna linalonikosesha usingizi kuliko hayo yote. Siku ya tatu ya matanga mama alinihadithia, bila kulia, kwamba mchana ule wa habari yangu walikuwa wanamenya kahawa, mashine wameisimamisha kusikiliza vifo, Hyasinti akaisikiliza habari mpaka mwisho, halafu akamwuliza, “Mama, ungekuwa wewe ndiye nesi, ungempa mtu kama huyo sindano?” Mama akamjibu kama wasikilizaji wetu walivyokuja kusema redioni, kwamba watu wale waachwe, wamejitakia. Hyasinti akawasha mashine wakaendelea na kazi. Mama haambiwi kwamba mwanaye alitumia unga. Mjomba Antoni alituapisha tusimwambie, mama anajua mwanaye aliuawa na presha tu. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemwambia pia kwamba alimjibu mwanaye mwenyewe aachwe afe, na jibu hilo nililitia mimi kinywani mwake.

Arobaini ni wiki mbili zijazo. Aurelia ananiomba niseme hewani kilichotokea, kwa sababu sanduku wamelinunulia kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, na kuna vijana wengine pale Kitai wanaotumia. Wendelin anasema tukirudia habari ile tutaonekana tulikosea. Mjomba Antoni anasema nikimchafua marehemu nisikanyage kwenye arobaini yake. Nikinyamaza atakufa mwingine, nikisema nitamwua mama. Kila mchana naingia studio nasoma baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nifanye nini, Mama Gertrude?

Msoma vifo, Mbinga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa Hyasinti.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na nakujibu nikiwa na vyote viwili, kwa hiyo vumilia.

Hasira yangu nianze nayo. Daftari lako lilikuwa na pumzi, lilikuwa na hospitali, lilikuwa na kila kitu ambacho mtu wa Kitai alihitaji kusikia siku ile, nawe ukaliacha mezani ukachukua neno moja la kuchekesha. Wendelin hakukulazimisha, umesema mwenyewe mlilinoa wote wawili. Ukamchukua mama wa watu aliyefia uzazini, hajazikwa, ukamfanya ngazi ya kupandia. Wale ndugu waliopiga simu hawakuwa watu wabaya, walikuwa wafiwa, na wewe uliwaelekeza pa kupeleka uchungu wao. Ukawapa vijana wasio na mtetezi, na wao wakaupeleka huko huko.

Sasa na mimi nivuliwe kilemba. Niko Mbamba Bay, redio yenu inafika huku kwa kukwaruza, na mchana ule nilikuwa naanika usipa na majirani. Nilikusikia. Nilicheka, nikasema serikali hii imekosa kazi, dawa ya homa hakuna wanafufua wavuta unga. Nina miaka sitini na miwili na watu wananiandikia kutaka busara. Jirani yangu mmoja hakucheka, aliinama akaendelea kugeuza samaki. Ana kijana Mbeya ambaye haji tena nyumbani na ambaye hatumwulizii, na tangu siku ile amepunguza kuja kwangu, nami nikadhani ana majivuno. Juzi baada ya kuisoma barua yako nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, na habari ya kijana wake hakuigusa. Nakueleza hili ujue kwamba kuomba radhi hakurudishi kitu mahali pake siku hiyo hiyo.

Hukumwua mdogo wako, ondoa hilo kichwani, maana mtu anayejiita mwuaji anajipa ruhusa ya kukaa chini na kulia tu. Hyasinti aliuawa na unga, na kufuli likamnyima nafasi ya pili. Lako wewe ni kufuli. Ni kubwa vya kutosha, libebe hilo.

Kuhusu mama yako umekosea kabisa, na mjomba wako amekosea zaidi. Mama yako anajua. Soma barua yako mwenyewe. Mwanamke aliyezaa na kulea katika nchi ya malaria alimwuguza mtoto wiki mbili anatetemeka, anatapika, hakai hakai, halafu wewe unaamini alidhani ni malaria? Aliita malaria ili mtoto apate pa kulala bila kuulizwa maswali. Na swali lile la Hyasinti amelishika neno kwa neno, na jibu lake, na mashine iliyowashwa baadaye. Mazungumzo ya kwenye kahawa hayakumbukwi hivyo, mwanangu, ila na mtu anayeyarudia kila siku akiwa peke yake. Siku ya tatu ya matanga, nyumba imejaa watu, alikuchagua wewe akakuhadithia hilo bila kulia. Unadhani alikuwa anapiga soga? Alikuwa anatafuta mtu wa kulijua pamoja naye, na wewe ukakaa kimya kwa sababu ya kiapo cha Mjomba Antoni. Nyinyi mnasema mnamlinda. Mmemwacha na jiwe kifuani na mlango mmeufunga kwa nje, na kila mkimtajia presha anajua kwamba hata leo hamtamfungulia.

Jumamosi hii nenda Mapera peke yako, bila mjomba na bila katekista. Mkute mchana, shika kazi anayoishika, na mwambie kwa Kimatengo, kwa sababu Kiswahili chako ni cha taarifa ya habari na mama yako asisomewe taarifa. Anza na lako: ile habari niliisema vibaya, nikaificha ya muhimu, na yule mtu wa kwenye habari alikuwa Hyasinti. La kwake usilitaje. Atalitoa mwenyewe, na akilitoa usikimbilie kumwambia si kosa lako mama, maana utakuwa unamnyamazisha kwa mara ya pili. Mwache aseme mpaka achoke. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, nenda kalale kwa jirani, asubuhi rudi ukateke maji. Sikuahidi kwamba atakusamehe, na usiende kutafuta msamaha, nenda kumwondolea upweke.

Ukishaongea naye, mwambie kuhusu lile sanduku na kufuli jipya, kisha mwulize jambo moja tu: tangazo la arobaini tuliandikeje. Mjomba Antoni mpelekee habari kabla hajaisikia kwa watu, kwa heshima zote, lakini ruhusa usimwombe yeye, maana aliyemzaa Hyasinti yupo hai. Mama akisema jina la mwanangu lisitajwe na unga, basi lisitajwe, mtii. Hapo utasema lako peke yako, kwamba mwezi wa saba nilisoma habari ya dawa nikaipotosha, na habari yenyewe ilikuwa hii. Lakini nadhani hatakataa. Naye ana jibu analotaka kulibadilisha, na hana pengine pa kulisemea.

Wendelin asikusumbue. Umeniambia mwenyewe kwamba tangazo la wafiwa hagusi hata neno. Basi usiombe kipindi, usiombe taarifa ya habari, tumia nafasi ile ile uliyoitumia vibaya. Neno teja na neno kufufua usiyatamke tena ukiwa hai. Sema mtu, sema pumzi. Waambie watu wakimkuta mtu anakoroma vibaya na midomo imegeuka rangi na haamki, wasibishane kama wale wenzake Hyasinti walivyobishana, wamkimbize kwa anayejua kutibu, na njiani wamsaidie kupumua.

Mzee Othmar usimshambulie hewani. Ni mzee wa watu, aliambiwa na redio kwamba kuna hatari, akaifungia, ndivyo mwenyekiti makini anavyofanya. Tangu siku ile huyo naye halali, nakuhakikishia. Mwende kwake wewe na Aurelia kabla ya tangazo, mumwombe ufunguo ukae zahanati kwa nesi, siku zote, awepo yeye asiwepo. Mpe nafasi ya kuwa ndiye aliyefungua. Akikataa, atalisikia tangazo kama watu wengine wote, na kamati itakaa tena.

Siku yenyewe ikifika, saa sita na nusu, soma majina ya wote waliotutoka, taratibu, kila mtu na watoto wake. Kisha soma la Hyasinti. Ukifika pale ulipozoea kusema baada ya kuugua kwa muda mfupi, kama mama yako ameridhia, sema alikosa pumzi, na dawa ya kumrudishia pumzi ilikuwepo chumba kile kile, imefungiwa. Usilie hewani, watu watakuonea huruma wewe na kusahau sanduku. Tangazo la mbolea lisubiri. Aurelia awe amekaa karibu nawe, mpe kipaza sauti, na yale yote uliyoyakata mwache ayaseme mpaka mwisho, hata muda ukiisha.

Mama Gertrude, Mbamba Bay